LG C3 au TCL C845 kwa sebule ya Kigoma: uzoefu wangu na runinga mbili za inchi 55

Nianze na jibu. Kama sebule yako ina dirisha linalotazama ziwani na kazi kubwa ya runinga ni mpira wa jioni, chukua TCL C845. Kama mnatazama zaidi usiku taa zikiwa zimezimwa, au watu wanakaa kila kona ya chumba, chukua LG C3, ila kwa sharti moja la umeme nitakalolieleza. Zote ni toleo la mwaka 2023, zote nimezitumia hapa Kigoma mjini, na zote ni runinga nzuri. Zinatofautiana kwa mambo ambayo dukani hayaonekani.

Tofauti ya msingi ni mwanga unatoka wapi. C3 ni OLED: kila pikseli inajiwakia na kujizima yenyewe, kwa hiyo nyeusi ni nyeusi kweli hata ikiwa pembeni ya taa kali. C845 ni Mini LED: kioo cha LCD chenye taa ndogondogo nyingi nyuma yake, zimegawanywa katika mamia ya maeneo, na kila eneo huongezwa au kupunguzwa mwanga kulingana na picha. Karibu kila ninalolisema hapa chini linaanzia hapo.

Tuje kwenye jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunafuata saa moja na Dar es Salaam, ndiyo maana jua letu huzama takriban dakika 40 baada ya lao. Mechi ya saa 10 jioni kwao huisha mwanga ukiwa umelegea. Kwetu inachezwa yote kukiwa mchana kabisa, na kipindi cha pili jua limeshaanza kushuka upande wa ziwa, linaingia dirishani kwa mshazari. Kwa nyumba za Bangwe na Kibirizi hili si jambo dogo. Uwanja wa mpira nao ni picha ngumu kwa OLED, kwa sababu kijani kinajaza kioo kizima. C3 hufikia karibu niti 800 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) pale mwanga unapokuwa kwenye kipande kidogo cha kioo, lakini weupe ukijaza kioo chote hushuka chini ya niti 200, maana runinga inajilinda na joto na matumizi makubwa ya umeme. C845 haishuki kiasi hicho. Nikiwasha mechi ya Mashujaa pale Uwanja wa Lake Tanganyika, pazia likiwa wazi, kwenye TCL naona namba mgongoni. Kwenye LG natakiwa kufunga pazia kwanza.

Kioo cha LG kinarudisha taswira ya chumba kama maji yaliyotulia. Usikiweke kikitazamana na dirisha au mlango wa mbele. Ukuta wa pembeni unafaa, na pazia zito la upande wa magharibi litakusaidia kuliko mpangilio wowote wa kwenye menyu.

Sasa upande ambao LG inashinda bila ubishi. TCL hii inatumia kioo cha LCD cha aina iitwayo VA, kizuri ukikitazama kwa mbele tu. Ukikaa mbele yake rangi zimeshiba. Sogea hatua mbili tatu kuelekea pembeni uone: sura za watu zinapauka, nyekundu inachuja, nyeusi inageuka kijivu. Sebule zetu nyingi makochi yamezunguka kuta tatu na watoto wako chini kwenye mkeka, kwa hiyo karibu nusu ya watu wanatazama kwa pembe. Kwenye OLED aliye kwenye kochi la ukutani anaona karibu sawa na aliye katikati. Ukichukua TCL, panga makochi upya, au nunua bracket ya ukutani inayogeuka. Na usiifunge juu sana kama wengi wanavyofanya. Katikati ya kioo pawe kama mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni, nanyi mkae mita 2 hadi 2.5 kutoka kwenye kioo.

Filamu za usiku ni za LG. Maandishi meupe ya tafsiri kwenye picha ya giza, TCL huyazungushia ukungu hafifu wa mwanga, kwa sababu eneo moja la taa ni kubwa kuliko herufi. Kwenye menyu ya picha punguza ukali wa udhibiti wa taa kutoka kiwango cha juu kwenda cha kati; ukungu utapungua, ila na weusi utapungua kina kidogo. Kwenye LG chagua Filmmaker Mode, kisha zima kipengele cha kuokoa nishati, maana ndicho kinachowafanya watu walalamike kwamba OLED ina giza.

Sharti nililolitaja ni hili, na naomba mnunuzi wa OLED alisome mara mbili. Pikseli za OLED huchakaa, na zile zinazowaka muda mrefu mahali pamoja huchakaa haraka kuliko jirani zake. Nembo ya chaneli kwenye kona, ubao wa matokeo, utepe wa habari chini: vikikaa masaa mengi kila siku, miezi kwa miezi, kivuli chao kinaweza kubaki kwenye kioo moja kwa moja. Runinga ina njia ya kujisawazisha. Ikishatumika jumla ya masaa 4, ukiizima kwa rimoti inaingia kwenye usafishaji mfupi wa pikseli wa dakika chache, kimya kimya, kioo kikiwa cheusi. Kuna na mrefu zaidi, wa saa nzima hivi, baada ya masaa 2,000. Yote mawili yanahitaji umeme ubaki kwenye soketi. Sisi tumezoea kuzima swichi ya ukutani kila usiku, kwa kuogopa radi au kwa kubana Luku. Anayefanya hivyo mara tu baada ya kubonyeza rimoti anainyima runinga usafi wake kila siku, halafu baadaye analaumu kioo. Zima kwa rimoti, iache robo saa, ndipo uzime ukutani. Kwa usafishaji huu, umeme ukikatika katikati ya mechi si tatizo, mradi ukirudi uiwashe na kuizima kawaida.

Kwenye LG nenda kwenye menyu ya OLED Care: washa usogezaji wa picha, weka upunguzaji wa mwanga wa nembo kwenye kiwango cha juu. Usafishaji wa kuamrisha kwa mkono usiufanye mara kwa mara. Acha runinga iamue yenyewe. Kama nyumbani kuna mtu anaacha chaneli moja ya habari tangu asubuhi hadi jioni, nunua TCL na uache kufikiria. Mini LED haina hofu ya nembo.

Umeme wenyewe ni somo la wote wawili. Mji huu ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na bado kukatika na kurudi ni jambo la kawaida. Kinachoua runinga mara nyingi si umeme mdogo, ni ule mruko wa volti pale unaporudi. Pawa saplai ya LG inakubali volti 100 hadi 240. Kwenye TCL soma kibandiko cha nyuma, kwa sababu hutofautiana kulingana na soko ilikotengenezewa. Weka kilinzi cha volti cha TV, kile kinachokata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi na kusubiri kabla ya kurudisha. Usichukue cha friji: kinasubiri muda mrefu zaidi kwa ajili ya kompresa, na runinga haihitaji hilo. Stebilaiza ya VA 1000 (hapa VA ni kipimo cha uwezo wake, si aina ya kioo) inatosha runinga, king'amuzi na spika, na inabakiza nafasi. Runinga hizi hutumia takriban wati 80 hadi 150 kutegemea mwanga uliouweka, kwa hiyo hata inveta ndogo ya sola inazibeba, mradi iwe ya wimbi safi (pure sine wave).

Radi ni jambo jingine kabisa. Ukanda wa ziwa hili hadi Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na kuanzia mvua za Oktoba au Novemba hadi zinapokwisha, kuchomoa plagi peke yake hakutoshi. Radi ikipiga karibu, mruko hushuka na kebo ya dishi, unaingia kwenye king'amuzi, unapita waya wa HDMI, unafika kwenye bodi kuu ya runinga. Dalili yake ni runinga inayowaka vizuri lakini HDMI moja au zote hazioni kifaa. Wingu likijikusanya, fungua ile kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi pamoja na plagi zote. Sekunde 20 tu.

Kuhusu picha ya mpira yenyewe, usitegemee mojawapo ikupe 4K kutoka kwenye king'amuzi cha kawaida. Matangazo yanakuja kwa ubora wa HD uliobanwa, na runinga inayakuza. LG inakuza kwa usafi zaidi, kingo za wachezaji hazina chengachenga. Weka king'amuzi kwenye 1080i 50Hz uiachie runinga kazi ya kupanga mistari. Ulainishaji wa mwendo uweke chini, kama 2 au 3 kati ya 10. Ukiupandisha, mpira unaanza kuacha mkia na miguu inamegeka. Kwa filamu, uzime kabisa.

Sauti: TCL ina spika za wati 60 zenye besi nyuma, LG wati 40. TCL inasikika nzito zaidi, lakini kwa sebule yenye bati bila dari, mvua ikianza zote mbili hazisikiki. Bajeti ya saundibaa iwepo tangu mwanzo. Kwa wenye PS5 ya michezo ya video, LG ina milango minne yote ya HDMI 2.1, toleo la HDMI lenye kasi zaidi, TCL ina miwili. Kwa mifumo ya kuboresha mwanga na rangi za filamu, zote zina Dolby Vision. HDR10+ ipo TCL tu.

Intaneti, hesabu bando lako kabla ya kushabikia 4K. Netflix kwa 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa, kwa HD hadi GB 3, na hiyo 4K inataka kasi ya angalau Mbps 15. Kwa filamu za flashi, kumbuka flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Na mtu akikushawishi uchukue LG ya 2022 iliyotumika kwa bei nafuu, ujue haisomi sauti ya DTS: filamu itacheza kimya. C3 inaisoma.

Usafirishaji kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, iwe kwa treni au barabara. Kioo cha OLED ni chembamba mno. Boksi lisafiri limesimama, lisilazwe wala lisibebeshwe mzigo juu, na usikubali liingie kwenye buti la basi kabla hujaona litakavyowekwa. Mini LED nayo isimame, ingawa inavumilia zaidi. Kioo cha OLED kikipasuka hakuna fundi hapa atakayekirudisha, wakati hitilafu ya taa au pawa saplai kwenye runinga ya LCD fundi mzuri wa mtaa wa Mwanga hapa mjini anaishughulikia.

Ikifika ukutani, nyumba nyingi ni tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo. Toboa kwenye tofali lenyewe, si kwenye kiungo, kwa plagi za skrubu za mm 8 zenye urefu wa kutosha kupita plasta. C3 inahitaji bracket yenye matundu yaliyoachana mm 300 kwa 200.

Dukani, kabla hujalipa, beba flashi yenye picha tano: nyeupe tupu, nyeusi tupu, kijivu, kijani na nyekundu. Kwenye nyeupe tafuta pikseli iliyokufa. Kwenye kijivu na kijani cha uwanja tafuta mabaka au mistari wima, maana hayo ndiyo yatakayokusumbua kamera ikifuata mpira, na muuzaji hatakubali kuwa ni kasoro ukishaondoka. Kwenye nyeusi tafuta mwanga unaovuja pembeni mwa TCL. Kisha linganisha namba ya mfululizo iliyoko nyuma ya runinga na ya kwenye boksi, na uliza dhamana inahudumiwa wapi na nani analipa nauli ya kuipeleka huko.