Uvundo wa choo cha boti: kipi ununue kwanza

Muuzaji wa vifaa vya boti atakupa kwanza chupa ya dawa ya buluu yenye marashi. Katika orodha hii ni ya mwisho. Pesa yako ianzie kwenye mabomba, kisha kwenye hewa.

Kabla ya kununua chochote, fuatilia harufu. Ikitoka unapopiga pampu mara ya kwanza, baada ya boti kukaa siku kadhaa bila kutumika, tanki la maji machafu halina kosa. Ni maji ya bahari yaliyolala kwenye mpira wa kuingiza maji, na vijidudu vyake vikafa na kuoza humo. Hapo hununui kitu: funga vali ya maji ya bahari, chomoa mpira huo, utumbukize kwenye ndoo ya maji ya bomba, upige pampu mpaka ndoo iishe. Fanya hivyo kila unapoiacha boti.

Harufu ikikaa muda wote, pima mipira ya maji machafu. Loweka kitambaa safi kwenye maji moto, kikamue, kizungushe kwenye mpira hadi kipoe, kisha kakinuse nje. Kikinuka, mpira huo umekwisha hata kama hauvuji tone. Anza na sehemu zilizolegea kwa chini, ambako uchafu hutuama.

Sasa ya kununua, kwa mpangilio wa ubora:

1. Bomba gumu la PVC la inchi moja na nusu. Harufu haipenyi kabisa, na lipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Mombasa, Dar na Unguja. Halipindi na halipendi mtikisiko, kwa hiyo kila mwisho weka kipande kifupi cha mpira. Kwenye kona tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90, ambayo huziba.

2. Mpira mzito wa choo cha boti, wa raba, milimita 38 kwa ndani. Ni ghali, na mara nyingi huagizwa nje, lakini kwenye kona za boti ndogo hauna mshindani. Lainisha ncha kwa maji moto, paka sabuni, kaza kwa klipu mbili za chuma cha pua kila kiungo.

3. Mpira mweupe wa PVC, ulioandikwa kuwa ni wa maji machafu. Unafaa pale tu ambapo maji hushuka yote yakaisha. Yakituama, kwa joto la pwani yetu, utaanza kunuka mapema.

Ule wenye mikunjo, wa pampu ya kutolea maji ya ngama (yanayojikusanya chini kabisa ya boti), usiuguse kwa kazi hii. Kila mkunjo hubaki na uchafu.

Upande wa tanki, nunua mpira wa hewa wa milimita 25 pamoja na kitokeo chake, uuweke mfupi na ulionyooka. Boti nyingi huja na wa milimita 16, na huo huzibwa na chumvi au nyigu. Hewa ikikosekana tankini, bakteria wasiohitaji oksijeni hushika usukani na kutoa gesi ya salfa, ile ya mayai viza. Ikiwa nyingi ndani ya chumba kilichofungwa, ni sumu. Kichujio cha mkaa kwenye mpira huo husaidia, lakini tanki likifurika mara moja mkaa hulowa na kuziba njia ya hewa.

Kwenye dawa, chagua ya naitreti, inayowapa bakteria oksijeni. Ile ya buluu yenye fomalini huua bakteria wote, wema na wabaya, kisha marashi huisha na uvundo hubaki.

Ukiwa dukani ongeza vali ya raba inayokaa kwenye kitokeo cha choo, ya kubadilisha kila mwaka: ikichoka, maji ya tanki hurudi bakulini. Siki ya jikoni mara moja kwa wiki hupunguza magamba yanayoikakamaza. Jiki usitie, huila raba.