Taa za sensa: ngazini safi sana, chooni hapana

Hizi taa zinazojiwasha ukipita sa hivi zimejaa hapa Mwanza mpaka Makoroboi kwa machinga, mi nimefunga nyumbani Kirumba sehemu tatu, ngazi za nje, koridoni na chooni, na kwa upande wa ngazi nasema kabisa sirudi tena kwenye swichi.

Mnaokaa milimani huku mnajua ngazi zetu zinavyopita katikati ya mawe, usiku unapanda na ndoo kichwani, mtoto umemshika mkono, alafu swichi iko juu kule mlangoni ambako bado hujafika, sasa inakusaidia nini? Na sensa ukikanyaga tu jiwe la kwanza taa hiyo imewaka, ukishaingia ndani baada ya muda inajizima. Alafu wale wadudu wa ziwani jamani! Zamani taa ya nje ikikesha asubuhi unafagia lundo zima barazani na ukuta umekuwa mweusi, maana wanafuata mwanga, sa hivi taa muda mwingi imezima kwa hiyo wanakuja wachache tu. Luku sijaona tofauti kubwa, balbu za LED zenyewe zinakula kidogo.

Ukienda kununua angalia aina. Ile yenye plastiki nyeupe iliyotuna kama nusu yai inasoma joto la mwili likisogea, na haioni kupitia ukuta wala kioo, chukua hiyo. Ya rada inatuma mawimbi yanayopenya mbao na jipsamu, kwa hizi nyumba zetu za kugawanya vyumba kwa plaiwudi mtu akijigeuza tu kitandani taa ya korido inawaka. Na fundi aifunge ubavuni mwa njia ili ukatize mbele yake, ukiwa unaijia moja kwa moja inachelewa kukushika. Kuna vinobu vidogo vya kuzungusha pale kwenye sensa, cha muda wa taa kukaa inawaka na cha kupanga giza liwe kiasi gani ndo iwake, hicho cha giza mwambie akirekebishe la sivyo itakuwa inawaka mchana kweupe.

Sasa chooni. Sensa inaona kinachosogea, mtu akitulia yenyewe inahesabu hakuna mtu. Bibi yetu magoti yanamsumbua, anakaa taratibu, anatulia, taa inazima, inabidi apunge mkono mmoja gizani huku mwingine kashikilia ukuta ndo iwake tena. Iliniuma sana aisee. Miaka yote mkono wake unajua swichi ilipo, anaipapasa tu anabonyeza bila hata kuangalia, alafu tunamwekea kitu ambacho hakina pa kushika. Muda tuliurefusha lakini bado alikuwa anaingia roho juu, muda wowote giza. Chooni fundi amerudisha swichi ya kawaida, na koridoni kaweka swichi pembeni ya sensa, bibi akitaka taa ibaki inawaka anabonyeza anapita zake taratibu.

Hiyo swichi ya pembeni inawezekana ukinunua sensa ya peke yake inayounganishwa na balbu yoyote, na balbu ikiungua unabadilisha balbu tu. Zile balbu zenye sensa humohumo ndani ndo utaonyeshwa kwanza dukani kwa sababu hazihitaji fundi, ila kama nyumbani una mzee ulizia hiyo ya peke yake.