VirtualBox: mama sasa anaona harusi zetu kwenye TV ya sebuleni

Nina miezi minane natumia VirtualBox, programu inayounda mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), kwenye laptopu yangu ya RAM GB 8, hapa Tanga, kwa kazi moja tu. Ndani yake nimeweka mfumo endeshi wa Ubuntu Server, na humo nikaweka programu ya Jellyfin, ghala la video zetu za nyumbani: harusi za dada zangu wawili, maulidi, na marehemu baba akisimulia safari zake za Pemba. Nilitaka mama azione sebuleni na wadogo zangu kwenye simu, bila kula bando.

Kuisakinisha si kazi, na hulipii kitu. Shughuli iko kwenye mtandao. Jioni ya kwanza Jellyfin iliwaka vizuri, lakini hakuna simu iliyoiona. Nikatazama anwani ya mashine pepe: 10.0.2.15. Vifaa vyetu vingine vyote vinaanza na 192.168.1. Kumbe VirtualBox huanza na NAT: mashine pepe hujificha nyuma ya laptopu, inatoka kwenda intaneti lakini wa nje hawezi kuipigia hodi. Kwa anayejaribu programu tu, huo ni ulinzi mzuri. Kwa seva, yaani mashine inayogawa video kwa vifaa vingine, haufai.

Nikaizima, nikaingia Settings, kisha Network, nikaondoa NAT nikaweka Bridged Adapter, inayoiunganisha mashine pepe moja kwa moja na mtandao wa nyumbani. Chini yake unachagua kadi ya mtandao, na hapo uwe makini: ichague ile laptopu inayoitumia wakati huo. Nilipoiwasha tena, ruta iliipa 192.168.1.23 kama kifaa kingine chochote cha nyumbani. Nikaandika anwani hiyo kwenye TV, nikaongeza 8096, mlango wa Jellyfin, na harusi ya dada mkubwa ikafunguka. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, rudisha pale mwanzo."

Kwa Wi-Fi, picha ilikuwa inakatika. Kadi nyingi za Wi-Fi hazikubali vizuri kubeba mashine mbili kwa pamoja, kwa hiyo nilinunua waya wa mita 10 na tangu hapo sijaona tatizo. Usipoweza kuvuta waya, bakiza NAT, elekeza mlango 8096 wa laptopu kwenye 8096 wa mashine pepe, kisha tumia anwani ya laptopu. Ukuta wa moto wa Windows nao uuruhusu mlango huo.

Umeme ulipokatika na kurudi, anwani ilibadilika na mama akadhani video zimefutika. Ingia kwenye ruta uitengee mashine pepe anwani ya kudumu. Laptopu nayo usiiache ilale, maana ikilala na seva imelala.

Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Mashine pepe nimeigawia RAM GB 2 na inatosha kwa video za kawaida. Zile za 4K (ubora wa juu sana) zinazohitaji kubadilishwa muundo ili kifaa kizicheze zinailemea. Na weka nywila imara kwenye Jellyfin, kwa sababu ukishatumia Bridged, kila mwenye Wi-Fi yako anaufikia mlango huo, hata jirani uliyempa nywila siku ya mpira.