Nimepima Forester yangu kwa dainamomita (daino, mashine ya kupima nguvu ya gari) Mombasa, haya ndo niliyoyaona

Mimi ni wa Malindi, pande za Barani, na gari yangu ni Subaru Forester SG5 XT, ile ya turbo (inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) lita 2.0, otomatiki. Japani ilitoka kiwandani imeandikwa 220 PS, yaani farasi, kipimo cha nguvu. Sasa hapa maskani kuna mwenzetu alipimisha yake Nairobi, modeli hiihii, akarudi na karatasi inasema 231 kwenye matairi, na tangu siku hiyo hatujalala, kila mtu anataka kujua gari yake ina farasi wangapi. Nikafunga safari mpaka Mombasa, kilomita kama 120, mwezi wa pili, kaskazi imepamba moto na gereji imefunikwa mabati juu.

Jina la gereji nitalihifadhi. Mashine yao ni ya rola, matairi yote manne yanakaa juu, gari inafungwa mikanda, feni kubwa mbele. Boneti wakaiacha wazi. Mvuto wa kwanza, yaani kukanyaga gesi mpaka mwisho mara moja, nikapata farasi 152, wa pili 149, wa tatu 144, yaani gari ileile, mafuta yaleyale, haijapita hata robo saa na farasi nane wameshapotea. Nikashuka nikaweka kiganja juu ya intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwa turbo, nikakitoa hapohapo, inachoma. Kwa hizi Forester intakula iko juu ya injini na inapata upepo kupitia lile tundu la boneti, sasa boneti ikiwa wazi na gari imesimama huo upepo utaipataje? Nikawaomba waifunge boneti, walete feni ya pili ielekee pale kwenye tundu, tukangoja dakika ishirini, na namba ikarudi 152. Hapo ndo nilianza kuelewa kwamba unachopima sio injini peke yake, unapima na joto la chumba, na feni, na presha ya tairi, na jinsi mikanda ilivyokazwa pia.

Halafu wakanifanyia tyuning ya kompyuta ya gari, tukapima tena, ikatoka 171. Farasi 19! Nilifurahi wallahi, nikalipa, nikakaa pale kivulini naziangalia zile karatasi mbili, na huko chini kabisa kwa herufi ndogo nikaona ya kwanza imeandikwa SAE na ya pili STD. Hiyo ni hesabu ya kurekebisha hali ya hewa. SAE ya siku hizi inachukulia hewa ya nyuzi 25, STD ni ya zamani inachukulia hewa ya baridi zaidi, nyuzi 15 na kitu, na kawaida STD inatoa namba kubwa kwa asilimia kama 4 bila gari kubadilika chochote. Nikamfuata yule mzee mwenye mashine, nikamwambia mzee wangu naomba zote mbili ziprintiwe kwa SAE. Hakubisha, akabonyeza, ile 171 ikawa 164. Akaniambia, "Kijana wangu, usishike namba, shika mstari wa grafu." Kwa hivyo faida ya kweli ni farasi 12, bado ni nzuri, lakini 12 sio 19, na mtu asiyesoma huko chini anaondoka na 19 kichwani na anaenda kuzihadithia.

Na hii ndo inanirudisha kwa yule mwenzetu wa 231. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kompyuta ya daino ikitumia ile hesabu inaweza kuongeza zaidi ya asilimia 20 ili kufidia. Kwa injini isiyo na turbo angalau kuna mantiki. Lakini turbo yenyewe inajitahidi kufidia sehemu ya hiyo hewa iliyopungua, sasa ukiiongezea tena kwa hesabu umeilipa mara mbili. Gari yake sio mbaya, ni nzima kabisa, ila ile 231 ya Nairobi huwezi kuiweka kando ya 152 yangu ya pwani ukasema anayo nguvu kunishinda, ni mizani mbili tofauti.

Watu wengi pia wananiuliza, sasa 220 zimeenda wapi? Ile 220 ni ya kwenye krenkishafti, shafti ya injini yenyewe, injini ikiwa mpya, na mimi nimepimwa kwenye matairi baada ya giaboksi ya otomatiki, shafti, na difu za mbele na nyuma, kote huko nguvu inaliwa. Msikubali mtu akuongezee asilimia 15 kwenye namba akasema hiyo ndo ya injini, hiyo asilimia haiko sawa kwa kila gari wala kwa kila gia. Namba ya injini yenyewe inapatikana ukiishusha injini ukaipima peke yake.

Kitu kimoja kizuri cha kukagua karatasi: hosipawa (farasi) inatokana na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, mara mizunguko ya injini kwa dakika gawanya kwa 5252, kwa hivyo kama toki imeandikwa kwa pauni-futi na mistari yote miwili ya grafu imechorwa kwa skeli moja, lazima ikutane kwenye mizunguko 5252. Isipokutana, uliza. Ila kwa otomatiki jueni mstari wa toki unaweza kudanganya pale konvata, inayounganisha injini na giaboksi, inapoteleza.

Kama unaenda, nenda kwa mashine moja kabla na baada, siku moja ikiwezekana, gia ileile, hesabu ileile, na uombe mivuto mitatu sio mmoja. Mimi nilipima na barabarani pia, kutoka kilomita 60 mpaka 100 kwa saa, kwa GPS ya simu, alfajiri, njia ya Gede ikiwa tupu: kabla ilikuwa sekunde 5.8, sasa ni 5.4. Hiyo inakubaliana zaidi na 164 kuliko 171. Gereji ileile nitarudi, mwezi wa saba kusi ikipoa, nimeshamwambia yule mzee aniwekee SAE tangu mwanzo.