Absinthi ya kokteli: chupa ipi ununue

Absinthi, pombe kali ya mitishamba yenye ladha ya anisi, kwenye kokteli ni kama karafuu kwenye pilau: ikizidi kidogo tu, huonji kitu kingine. Chupa moja utakaa nayo mwaka au zaidi, maana utaitumia kwa matone. Kwa hiyo usibane sana bei.

Yangu ya kwanza niliichukua duka la uwanja wa ndege, ya kijani inayong'aa kama sabuni ya vyombo. Nyumbani nikamimina toti moja, nikaongeza maji baridi taratibu, nikasubiri. Wapi! Absinthi ya kweli ikikutana na maji hugeuka nyeupe kama tui la pili, kwa sababu mafuta ya anisi na shamari yaliyokuwa yameyeyuka kwenye kilevi kikali hujitenga kilevi kikipungua. Ile yangu ilibaki kijani vilevile. Tangu siku hiyo nasoma kibandiko kwanza: natafuta pakanga (mmea mchungu), anisi na shamari, na nataka viwe vimepikwa mtamboni pamoja na pombe. Nikiona rangi ya kiwandani, nairudisha rafuni.

Namba moja kwangu ni Kübler, asilimia 53, ya bonde la Val-de-Travers nchini Uswisi, kinywaji hiki kilikozaliwa mwishoni mwa karne ya 18. Haina rangi. Uswisi ilipiga absinthi marufuku mwaka 1910 hadi 2005, na wapikaji wa siri wa bonde hilo wakashikilia hii nyeupe, isiyojitangaza kwa macho. Ni laini, na haiharibu sura ya kokteli. Itie matone machache kwenye Corpse Reviver No. 2, kokteli yenye jin, Cointreau (likeri ya chungwa), Lillet (mvinyo uliotiwa viungo) na maji ya limau kwa kipimo sawa: limau linapokolea ulimini, harufu ya anisi inapanda nyuma yake.

Ya pili ni Vieux Pontarlier ya Ufaransa, asilimia 65. Hii ni ya kijani, na kijani chake kinatokana na majani yanayolowekwa baada ya upishi, kwa hiyo iweke kabatini, mbali na mwanga usije ukakififisha. Kwa Sazerac, kokteli ya wiski ya New Orleans, naipendelea kuliko Kübler. Chukua bilauri iliyopoa, tia kijiko kidogo cha absinthi, izungushe mpaka kuta zote zilowe, kisha mwaga. Wiski ya nafaka ya rai (rye), sukari na bita (matone machungu ya viungo) za Peychaud's, vilivyokorogwa kwa barafu pembeni, huchujwa humo. Hutaiona absinthi, ila kila unapoinua bilauri pua inaikuta.

Herbsaint ni ya tatu. Marekani ilifunga mlango kwa absinthi mwaka 1912, na tangu 1934 Herbsaint ikawa mbadala wake New Orleans. Haina pakanga, lakini bei yake ni nafuu na Sazerac inaikubali. Ricard, kinywaji cha anisi cha Ufaransa, naiweka chini yake, maana utamu wake na ladha ya susu huvuta kokteli upande mmoja.

Jade Nouvelle-Orléans, asilimia 68, pengine ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja, na kwa sababu hiyohiyo sikuipa nafasi ya juu: ni ghali, na inastahili kunywewa kwa maji tu.

Wanaoogopa kurukwa na akili kwa absinthi, kama ilivyodaiwa zamani, watulie. Mwaka 1905 Jean Lanfray aliua mkewe na binti zake wawili huko Uswisi, lawama zikaiangukia absinthi, ilhali siku hiyo alikuwa amekunywa mvinyo mwingi mno. Thujoni, kemikali ya pakanga iliyoshukiwa, Ulaya imewekewa kikomo cha miligramu 35 kwa kilo. Cha kuogopa ni hicho kilevi cha asilimia 68.

Ukishanunua, pitia duka la dawa uchukue kichupa cheusi chenye mpira wa kudondoshea. Ukimimina moja kwa moja kutoka chupa kubwa, utazidisha.