Uzoefu wangu na seti ya kulehemu mabomba ya shaba kwa anayeanza

Wadau, hii seti nimeitumia kufunga laini ya rediata nyumbani (zile za ukutani za kupasha joto vyumba), mabomba ya shaba ya milimita 15 na kipande cha 22 kinachotoka kwenye boila, yaani mtambo wa gesi wa kuchemsha maji, na mimi sio fundi bomba kabisa, tochi ya gesi nilikuwa sijawahi hata kuishika. Ndani ya boksi kuna tochi na mtungi wake, kikata bomba, brashi ya waya, kopo la flaksi (ile dawa ya kupaka kwenye jointi ili lehemu ishike), roli ya waya wa lehemu isiyo na madini ya risasi na kamkeka ka kuzuia moto. Kila anayeiona anakimbilia tochi, ila kwangu mimi hela yangu imerudi kwenye kile kikata bomba.

Ni kadude kanakaa kiganjani, unakaza skrubu kidogo unazungusha, unakaza tena kidogo unazungusha, bomba linakatika limenyooka safi bila vumbi la msumeno. Ukiwa na haraka ukakaza kwa nguvu bomba linabonyea mdomoni. Na hata ukikata vizuri kunabaki kaukingo kwa ndani, kale lazima ukakwangue maana maji yakipita pale yanavuruga na yanaila shaba taratibu. Kisu cha kukwangulia kimefichwa nyuma ya kikata chenyewe, kivute utakiona.

Brashi ndo imeniudhi. Shaba ikikaa inapiga weusi na lehemu haishiki kwenye uchafu hata uchome mpaka kesho, kwa hiyo unasugua bomba kwa nje na fitingi, kile kiungio cha mabomba, kwa ndani mpaka ing'ae, sasa brashi yao nyuzi zilianza kupukutika kazi hata haijafika nusu, nikamalizia kwa msasa laini niliokunja.

Tochi iko poa tu. Lehemu hii ya bati inayeyuka kwenye nyuzi joto 227 hivi, shaba yenyewe mpaka 1085, so hauhitaji moto wa kutisha. Unachoma fitingi, sio waya wa lehemu. Flaksi inaanza kuchemka inatoa kasauti, unasogeza moto pembeni unagusisha waya upande ule moto haukuwepo, joto likiwa limefika waya unayeyuka wenyewe unanywewa ndani, unaona kapete ka fedha kanatembea kuzunguka mdomo wa fitingi mpaka kanakutana. Hata jointi ikiwa imeangalia chini lehemu inapanda juu vilevile, jamani mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Bomba la 15 linatosha kipande cha waya cha milimita 15 hivi, ukizidisha kinachobaki kinadondoka sakafuni.

Kijitabu chao sasa, hamna kitu. Hakisemi kwamba maji yakibaki ndani ya bomba moto wote unaishia kuyachemsha na jointi haifiki joto, na mimi pale nilipounganisha na laini ya zamani maji yalikuwa yanachuruzika tu hayaishi, nikaachana na moto nikaweka fitingi ya kukaza kwa nati na ringi, spana mbili kazi imeisha. Hakisemi pia kwamba shaba inarefuka, bomba la mita 10 likipanda joto kwa nyuzi 60 linaongezeka karibu sentimita 1, ukilibana kwenye tundu la ukuta bila nafasi utasikia tik tik usiku kucha. Flaksi nayo ifute kwa kitambaa chenye maji jointi ikishapoa, ukiiacha inakula shaba inageuka kijani, na ndani ya mfumo mzima suuza kwanza.

Kabla sijaziba ukuta nilijaza maji baridi presha ikafika bar 1.5, nikaacha usiku, asubuhi geji iko palepale. Upande wa gesi wa boila sikugusa, ule ni wa fundi mwenye leseni na hii seti sio ya hiyo kazi.

Ukiagiza, agiza na mtungi wa pili wa gesi, ule wa kwenye boksi unaisha fasta. Kamkeka nako kadogo mno, karibu na mbao niliongezea kipande cha bati nyuma na ndoo ya maji pembeni.