Probtrackx2: picha nzuri ya njia isiyokuwapo

Nikiipima probtrackx2, programu ya kifurushi cha FSL inayokisia njia za nyuzi za ubongo kutokana na picha za MRI za msambao wa maji, niliandika nyota moja, nikaifuta, nikaweka tatu. Sasa sijui. Hasira ipo palepale, ila anayestahili kuipokea amebadilika.

Kazi yenyewe ni ya kila siku: kufuata nyuzi za piramidi, zile zinazoshusha amri za mwendo kutoka kwenye gamba la ubongo hadi uti wa mgongo. Mbegu, yaani sehemu za kuanzia, ziko kwenye kapsuli ya ndani (mlango mwembamba ndani ya ubongo ambamo nyuzi hizo hupita), kituo cha lazima kiko kwenye gamba la mwendo, na maski ya kuzuia iko kwenye mstari wa katikati ili nyuzi zisivuke upande wa pili. Vokseli (vijimchemraba vya picha) 200 za mbegu, kila moja ikirusha nyuzi 5000 za kukisia, jumla milioni moja. Bedpostx, hatua inayokadiria mielekeo ya nyuzi katika kila vokseli, ilikesha ikihenyesha kompyuta, probtrackx2 ikafuata, kisha nafungua faili ya waytotal, yenye idadi ya nyuzi zilizotimiza masharti: mia nne na kitu.

Mia nne na kitu kati ya milioni, na programu haikukohoa hata mara moja! Hakuna onyo. Badala yake ikatoa fdt_paths, picha ya nyuzi ngapi zilipita wapi, ya kupendeza macho, utepe wa njano na nyekundu uliopanda vizuri kabisa. Ni kwa sababu FSLeyes, programu ya kutazamia picha, hupanga rangi kwa kufuata thamani kubwa iliyomo kwenye picha. Kama nyuzi kumi ndizo nyingi kuliko kwingine kote, zitang'aa kama elfu kumi. Ungeiweka kwenye slaidi na ukumbi ungepiga makofi.

Kilichoharibika ni faili ya bvecs, ile yenye safu tatu za namba zinazosema kila picha ilipigwa kwa gradienti (msukumo wa sumaku unaopima msambao wa maji) ya upande gani. Safu ya kwanza, ya x, haikukubaliana na picha: alama zilitakiwa ziwe kinyume. Na hapa ndipo damu inapochemka, kwa sababu kila ukaguzi wa kawaida unapita. Bedpostx_datacheck, amri ya kukagua faili, huhesabu idadi ya namba, haijui kama alama ni sahihi. Ramani ya FA (kiasi ambacho maji husambaa kwa mwelekeo mmoja) hutoka vilevile, maana kugeuza x kwa gradienti zote hakubadilishi ukubwa wa msambao wa maji. Hata ramani ya rangi, nyekundu kwa kulia-kushoto, kijani kwa mbele-nyuma, haioneshi kitu, kwa kuwa rangi hutokana na thamani isiyo na alama. Kila kitu kinacheka nawe mpaka mwisho.

Mistari pekee ndiyo husema kweli. Endesha dtifit, amri inayokokotoa mwelekeo mkuu wa msambao katika kila vokseli, fungua V1 (mwelekeo huo) kwenye FSLeyes, chagua ioneshwe kwa mistari, kisha nenda kwenye mkato wa mlalo unaopita goti, yaani mkunjo wa mbele, la korpasi kalosamu (daraja la nyuzi kati ya nusu mbili za ubongo). Mistari inatakiwa ifuate upinde, ikitoka katikati na kupinda kuelekea mbele pande zote mbili. Kwenye data hii ilikingama na upinde kama miiba ya samaki inavyokingama na uti wake. Usiangalie pale katikati kabisa ambapo nyuzi zinakwenda kulia-kushoto moja kwa moja. Pale hata data mbovu inaonekana nzuri. Angalia zinapolala mshazari. Ni kazi ya dakika chache, tena kabla ya bedpostx, si baada.

Sasa ile mia nne inaeleweka. Nyuzi za piramidi zikipanda kutoka kwenye kapsuli hutanuka kuelekea nje. Ukigeuza x zinaelekea ndani, zinaingia korpasi kalosamu na kuvuka, kisha maski ya katikati inazitupa kimyakimya. Maski ileile niliyoiweka kusafisha picha ndiyo iliyoficha ugonjwa. Kupandisha -P (idadi ya nyuzi kwa kila vokseli) hadi 10000 hakusaidii, ni kupoteza umeme. Kukaza -c (kikomo cha kupinda) nako hapana: 0.2 inaruhusu kona ya takriban digrii 80 kwa kila hatua ya nusu milimita, lakini uzi uliopewa mwelekeo wa uongo utapotea hata ukienda umenyooka.

Basi nikauliza kituo kilichotoa data. Jibu: "Sisi tumekupa picha, mengine soma mwenyewe." Baada ya kubanwa ndipo mtu akakiri kwamba picha "ilinyooshwa" kwa fslswapdim -x y z, amri ya kugeuza mhimili wa x, kwa sababu ilionekana kinyume. Amri hiyo hutoa onyo kwamba umegeuza kulia na kushoto! Limeandikwa kwenye skrini! Na bvecs haikuguswa.

Tahadhari kwa anayetaka njia ya mkato: kubadili alama kwenye safu ya kwanza kutanyoosha mistari, ila hakutarudisha kushoto kushoto. Utapata njia safi kabisa kwenye upande usio wake, na kwa mgonjwa anayesubiri upasuaji hilo si kosa dogo. Rudi kwenye DICOM (faili za asili za mashine), badilisha umbizo upya kwa programu ya dcm2niix, usiguse chochote. Wanaobandika kidonge cha vitamini E upande wa kulia wa kichwa kabla ya kupiga picha wana akili zao; kinaonekana kwenye picha na ubishi unaisha.

Baada ya hapo, topup na eddy (za kusahihisha upotofu wa picha na mtikisiko wa kichwa), na kwa bedpostx nikatumia eddy_rotated_bvecs, ile iliyozungushwa kufuata mtikisiko huo, si bvecs ya mwanzo (wengi husahau). Waytotal ikapanda hadi makumi ya maelfu. Nikagawa fdt_paths kwa waytotal kupitia fslmaths, kikokotoo cha picha cha FSL, nikaweka kizingiti, na njia ikakaa inapotakiwa bila kubembelezwa. Ikawa nyota nne.

Halafu nikazipunguza tena. Namba hizo si idadi ya aksoni, nyuzi halisi za neva. Ni kipimo cha uhakika wa njia kulingana na data uliyoilisha, iwe mbovu au nzima. Katika jaribio lililochapishwa 2017 kwenye Nature Communications, makundi 20 ya watafiti yalipewa data yenye mafungu 25 ya nyuzi yanayojulikana. Mengi ya kweli yalipatikana, lakini ya uongo yalikuwa mengi zaidi. Programu inayoweza kukosea kwa uzuri namna hiyo ingeweza angalau kuandika mstari mmoja wa onyo pale waytotal inapokuwa chini ya asilimia moja. Tatu. Ile moja ya mwanzo wapewe waliogeuza picha.